Sarafu ya Kirumi Usiyoijua: Mwongozo Kamili wa Kuitambua, Hatua kwa Hatua

Wanaoshindwa kutambua sarafu ya Kirumi karibu wote hukwama mahali pamoja: wanaanza na kichwa. Wanapiga picha ya uso, wanaitafutia mfano mtandaoni, wanaletewa nyuso kumi zinazofanana, kisha wanachagua ile iliyowapendeza. Jioni hiyohiyo sarafu ya shaba ya kawaida kabisa inakuwa imeshabatizwa jina la mfalme Nero.

Uso ni ushahidi dhaifu kwenye sarafu iliyochakaa. Baada ya mwaka 300 BK hivi, wachongaji walikuwa hawahangaiki tena na sura ya mtu mmoja mmoja. Baba, mwana na mpwa wanatoka na pua ileile. Njia inayofaa ni kinyume chake: anza na uzito na ukubwa, soma herufi, geuza nyuma, angalia chini ya mstari, uso uje mwisho. Kila hatua inaondoa majina kadhaa mpaka yabaki mawili au moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye sarafu mkononi, iwe umeirithi, umeinunua ndani ya kifurushi cha mchanganyiko, au umeikuta kwenye kabati la vitu vya kale la shule yako.

## Vifaa vya kuandaa

- Mizani ya sonara ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ya jikoni haifai, maana gramu moja tu inaweza kutenganisha aina mbili.
- Kalipa ya plastiki, kifaa cha kupimia kipenyo. Ya chuma hukwaruza.
- Lenzi ya kukuzia mara 10.
- Taa ya mezani inayoinama, au tochi ya simu.
- Sumaku ndogo.
- Mswaki laini wa mtoto, vijiti vya meno vya mbao, na maji yaliyokenekwa. Ukiyanunua kituo cha mafuta, hakikisha umepewa maji ya kuongezea betri na si asidi yake.
- Daftari, penseli na bahasha ndogo za karatasi.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani. Sarafu ya fedha ya kale ikianguka sakafuni huweza kukatika vipande viwili.

## Kabla ya hatua ya kwanza: usiing'arishe

Ukwaju, ndimu na majivu vinavyong'arisha sinia ya shaba vitaiua sarafu hii. Siki, magadi, steelwool na dawa za kung'arishia shaba navyo hivyohivyo. Ule utando wa kijani, kahawia au mweusi ndio ulioshika michoro. Chini yake mara nyingi metali imeshaliwa. Ukiutoa unatoa na herufi.

Kinachoruhusiwa ni kuiloweka kwenye maji yaliyokenekwa kwa siku chache, ukibadilisha maji kila siku, kisha kupiga mswaki taratibu. Udongo uliong'ang'ania pembeni mwa herufi utoe kwa kijiti cha meno chini ya lenzi. Kijiti kikigonga kigumu, acha. Sarafu chafu inayosomeka nusu ina thamani kuliko safi isiyosomeka kabisa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ya Kirumi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hatua hii si ya kuruka, kwa kuwa kuna sarafu za kwetu zinazouzwa kwa jina la Kirumi.

Vipande vidogo vya shaba vinavyookotwa Kilwa, Mafia na Unguja mara nyingi ni vya masultani wa Kilwa. Vina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na havina kichwa cha mtu. Pesa ya shaba ya Zanzibar ya Sultan Barghash yenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ina mizani upande mmoja. Mizani ipo pia kwenye sarafu za Kirumi, ila huko inashikwa mkononi na mwanamke aliyesimama, wakati ya Zanzibar inaning'inia peke yake.

Zinazotatanisha zaidi ni za Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea. Hizi zina kichwa cha mfalme na herufi za Kigiriki au Ge'ez. Tazama kama uso umewekwa kati ya masuke mawili ya nafaka, na kama juu yake kuna mwezi mwandamo wenye duara, au msalaba. Ukiona masuke hayo, umeshika kitu cha Aksum. Mwongozo huu haukuhusu, ingawa mimi ningefurahi zaidi.

Kisha pitisha sumaku. Sarafu za Kirumi ni dhahabu, fedha, shaba au mchanganyiko wake. Ikinaswa na sumaku, karibu hakika ni bandia ya siku hizi.

## Hatua ya 2: Pima uzito, kipenyo na metali

Pima kipenyo mahali papana zaidi na pembamba zaidi, kwa sababu sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo na si duara kamili. Andika namba zote mbili pamoja na uzito. Rangi ya metali itafute ukingoni, mahali palipojichubua penyewe. Usikwangue.

Vipimo vifuatavyo ni vya kukadiria. Sarafu iliyotembea sana mikononi mwa watu hupungua.

Dhahabu. Aureus ya karne za mwanzo ni gramu 7 hadi 8. Solidi, ambayo katalogi huiandika solidus, ililetwa na mfalme Constantinus na ina karibu gramu 4.5.

Fedha. Dinari, kwenye katalogi denarius, ni milimita 17 hadi 20 na gramu 3 hadi 4. Mwaka 215 mfalme Caracalla alitoa sarafu pana zaidi ambayo mfalme amevaa taji la miale. Wataalamu huiita antoninianus. Mwanzoni ilikuwa na gramu 5 hivi na fedha ya kueleweka. Kufikia miaka ya 260 ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu, kwa hiyo usishangae "fedha" yako ikiwa nyekundu ukingoni.

Shaba kubwa. Sestertius ni shaba ya njano, milimita 30 hadi 35, gramu 20 hadi 27. Haifichiki: inajaza kiganja. Dupondius nayo ni ya njano, na sarafu iitwayo as ni shaba nyekundu. Zote mbili ni milimita 25 hadi 28 na gramu 9 hadi 13. Utando ukificha rangi, tazama kichwa: tangu Nero, dupondius kwa kawaida ina taji la miale na as ina taji la majani au kichwa kitupu.

Shaba za baadaye. Mwaka 294 hivi mfalme Diocletianus alianzisha sarafu ya shaba ya gramu 10 hivi na milimita 27 hadi 28, ambayo wakusanyaji huiita follis. Ilipunguzwa haraka. Kwa shaba za karne ya 4 na ya 5 katalogi hutumia vipimo tu, AE ikiwa kifupisho cha shaba: AE1 ni zaidi ya milimita 25, AE2 ni 21 hadi 25, AE3 ni 17 hadi 21, na AE4 ni chini ya 17.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema, kwa mfano, "shaba, milimita 18, gramu 2.4". Kwa maneno hayo machache umeshaondoa wafalme wa mwanzo kama Nero, Traianus na Hadrianus karibu wote. Sarafu nyingi zilizo kwenye vifurushi vya bei nafuu ni AE3 na AE4 za karne ya 4, zilizotolewa kwa mamilioni. Ikiwa yako ni ya ukubwa huo, weka matumaini yako hapo.

## Hatua ya 3: Mwanga wa pembeni

Zima taa ya dari. Laza taa ya mezani karibu kabisa na kitambaa ili mwanga ufagie juu ya sarafu kutoka ubavuni, kisha izungushe sarafu polepole. Herufi ambazo hazikuwapo zinajitokeza kwa kivuli chake, nyingine zinapotea; ndiyo maana unaizungusha.

Piga picha nne kila upande, mwanga ukitoka kushoto, kulia, juu na chini. Simu isiwashe mwako wake, kwani mwanga wa mbele unalaza kila kitu. Ukiona herufi kwenye picha moja tu kati ya nne, iandike kwa alama ya kuuliza.

## Hatua ya 4: Soma herufi, anza na vifupisho

Maandishi ya upande wa kichwa kwa kawaida huanza chini kushoto, karibu na bega, yanapanda na kuzunguka kufuata mshale wa saa. Vichwa vya herufi vinaelekea nje. Hakuna nafasi kati ya maneno, na kichwa cha mfalme huyakata popote.

Chora duara daftarini. Kila herufi unayoiona iandike mahali pake halisi, na kila iliyofutika weka nukta. Usijaze kwa kubuni. Nafasi ni ushahidi sawa na herufi.

Macho yako yajue haya: V ndiyo U. A mara nyingi haina kijiti cha katikati. N huchongwa kwa mistari miwili tu iliyosimama. C na G hufanana, E na F pia, na O huwa ndogo mno.

Sasa tafuta vifupisho kabla ya jina, maana vyenyewe vinakupa kipindi:

- TR P na COS: madaraka ya utribuni na ukonsuli, vyeo vya juu vya serikali ya Kirumi. Ukiyaona kwenye sarafu ya kawaida ya shaba au fedha, karibu hakika ni ya kabla ya mwaka 300.
- S C, herufi mbili kubwa upande wa nyuma wa shaba: karne tatu za mwanzo. Shaba za Antiokia nazo zinazo, zikiwa ndani ya shada la majani.
- IMP C au IMP CAES mwanzoni na P F AVG mwishoni: mara nyingi karne ya 3 na mwanzo wa ya 4.
- D N mwanzoni, yaani Dominus Noster, "Bwana wetu": hasa karne ya 4 na ya 5.
- NOB C au NOB CAES: huyu ni mrithi aliyeteuliwa, bado hajawa mtawala mkuu. AVG ndiye mtawala mkuu.
- GERM, DAC, PARTH: ushindi dhidi ya Wajerumani, Wadaki, Waparthi.
- AVGG: watawala wakuu wawili kwa pamoja. AVGGG ni watatu.

Namba zinazofuata COS na TR P ni kalenda. Traianus akiwa COS V, uko kati ya 103 na 111. Akiwa COS VI, ni 112 hadi 117. Hadrianus alikuwa konsuli mara ya tatu mwaka 119 na hakurudia tena, kwa hiyo COS III peke yake haikusaidii sana. Ukiona na P P, "baba wa nchi", umesogea mbele: alikubali cheo hicho mwaka 128.

### Fundo la Constantinus

Hapa ndipo watu huzama. Majina matatu yanafanana, na wenye majina hayo ni ndugu.

Hesabu herufi. CONSTANTINVS ni 12, CONSTANTIVS ni 11, CONSTANS ni 8. Hata jina likiwa limekatika, tafuta T ya pili: ikifuatwa na INVS ni wa kwanza, ikifuatwa na IVS ni wa pili, na Constans hana T ya pili kabisa.

Kisha tazama mkia. CONSTANTINVS MAX AVG ni Constantinus Mkuu mwenyewe. CONSTANTINVS IVN NOB C ni mwanawe, Constantinus II, kabla ya mwaka 337. FL IVL CONSTANTIVS NOB C ni mwana mwingine, Constantius II, akiwa bado mrithi. Akiandikwa D N CONSTANTIVS P F AVG amekwisha kuwa mtawala mkuu, baada ya 337.

### Herufi zikiwa za Kigiriki

Sarafu yako ni ya mji au jimbo la mashariki, nayo inaishi kwenye katalogi nyingine. AVT K mwanzoni ni cheo cha mtawala, na CЄB ndiyo AVG ya Kigiriki. Ikiwa ni nene, milimita 20 na kitu, na nyuma kuna alama ya L ikifuatwa na herufi moja au mbili, ni ya Aleksandria ya Misri. Hapo una bahati: L inamaanisha mwaka wa utawala, na herufi ni namba. LB ni mwaka wa 2, LΓ wa 3, LΔ wa 4.

### Herufi zisipoleta maana yoyote

Picha ikieleweka lakini maandishi ni vijiti vitupu, usikimbilie kusema ni bandia ya leo. Miaka ya 270 na baada yake, Gaul (Ufaransa ya leo) na Britania zilijaa nakala za mitaani zilizopigwa na watu wasiojua kusoma. Nazo ni za kale na zinakusanywa.

## Hatua ya 5: Upande wa nyuma

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Mchoro wa nyuma una umbo kubwa linalovumilia kuchakaa, na katalogi zote zinautumia kutenganisha aina.

Mtu aliyesimama usimtazame uso. Tazama ameshika nini. Mizani ni Aequitas, yaani haki katika vipimo. Usukani wa chombo na pembe ya neema ni Fortuna. Tawi la mzeituni ni Pax. Anayelisha nyoka ni Salus, afya. Anayeinua pindo la nguo kwa mkono mmoja na kushika ua kwa mwingine ni Spes, tumaini. Mwenye mabawa ni Victoria, na huyo utamkuta karne zote. Fimbo fupi yenye nyoka wawili ni Felicitas. Shada na nanga ni Laetitia. Mwanamume uchi aliyenyanyua mkono wa kulia, mwenye miale kichwani, ni Sol.

Kwa shaba ndogo za karne ya 4, michoro michache inatosheleza sehemu kubwa ya unachoweza kukutana nacho:

Askari wawili wanaotazamana, kati yao bendera za kijeshi. GLORIA EXERCITVS. Hesabu bendera. Mbili ni 330 hadi 335, na sarafu ina karibu gramu 2.5. Moja ni kuanzia 335 hadi 341 hivi, na uzito umeshuka hadi karibu 1.5.

Mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili. Mbele kuna mwanamke mwenye chapeo na maneno VRBS ROMA. Huu ni mji wa Roma, si mfalme. Sarafu iliyo dada yake ina CONSTANTINOPOLIS mbele, na nyuma Victoria amesimama kwenye omo ya chombo. Zote zilianza 330. Msipoteze muda kumtafuta huyo mwanamke kwenye orodha ya malkia.

Lango lenye minara na nyota juu. PROVIDENTIAE AVGG au CAESS, karibu 324 hadi 330.

Askari akimchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka. FEL TEMP REPARATIO, kuanzia 348. Mara nyingi ni Constantius II.

Victoria wawili wanaotazamana, kila mmoja na shada. VICTORIAE DD AVGGQ NN, mwaka 347 hadi 348.

Mfalme akiburuta mateka kwa nywele. GLORIA ROMANORVM. Na Victoria akitembea kushoto na shada, SECVRITAS REIPVBLICAE. Zote mbili ni za kina Valentinianus I, Valens na Gratianus, 364 hadi 378.

Maandishi tu ndani ya shada, VOT na namba za Kirumi: nadhiri za miaka ya utawala. Namba ziandike zote, zinahitajika baadaye.

Tahadhari: upande wa nyuma unaweza kuwa umepinduliwa ukilinganisha na mbele. Ukiona "mchoro wa ajabu", uzungushe nusu duara kabla ya kuandika chochote.

## Hatua ya 6: Herufi zilizo chini ya mstari

Kwenye sarafu za mwisho wa karne ya 3 na kuendelea, chini kabisa ya mchoro wa nyuma kuna mstari, na chini yake herufi chache. Hizo ni anwani ya kiwanda.

Zigawe sehemu tatu. SM mwanzoni, ikiwapo, ni Sacra Moneta, fedha takatifu ya dola. Katikati ni mji. Herufi moja mwanzoni au mwishoni ni karakana ndani ya kiwanda: magharibi P, S, T, Q, yaani ya kwanza hadi ya nne, na mashariki herufi za Kigiriki A, B, Γ, Δ na kuendelea.

Miji utakayoiona zaidi: TR ni Trier, LG ni Lyon, ARL ni Arles. LON ni London, iliyofungwa karibu mwaka 325. AQ ni Aquileia, R ni Roma, SIS ni Siscia iliyo Kroatia ya leo, TS ni Thessaloniki. H ni Heraclea, CONS ni Constantinopolis, N ni Nicomedia, K ni Cyzicus, AN ni Antiokia, AL ni Aleksandria.

Mtego mmoja: CONST yenye T, mbele yake P au S, mara nyingi ni Arles, kwa sababu mji huo ulipewa jina la Constantina kwa muda. Wengi huiweka Constantinopolis na kukosea namba ya katalogi.

Sehemu hii ndiyo hukatika mara nyingi, kwa kuwa muhuri wa kupigia sarafu ulikuwa mpana kuliko kipande cha metali. Ikiwa haipo, haipo. Andika "kiwanda hakisomeki" na uendelee. Sarafu yako bado ina jina.

## Hatua ya 7: Sasa tazama uso

Kwa kuwa kipindi unakijua tayari, uso unakuja kuthibitisha.

Ndevu: kabla ya Hadrianus, aliyeanza kutawala 117, wafalme karibu wote wamenyolewa. Toka yeye hadi mwanzo wa karne ya 3 ndevu zimejaa. Majemadari wa katikati ya karne ya 3 wana ndevu fupi zilizochongwa kwa vinukta. Constantinus akarudisha kunyoa, na Iulianus, 361 hadi 363, ndiye anayejitokeza tena na ndevu ndefu.

Kichwani: taji la majani limetumika muda mrefu mno kuweza kukusaidia. Taji la miale lina maana ya thamani maradufu. Utepe wa lulu au vito unaofungwa kisogoni unaanza na Constantinus miaka ya 320, basi sarafu yenye utepe huo haiwezi kuwa ya Traianus hata iweje.

Wanawake wa jamaa ya kifalme watambue kwa nywele. Faustina Mkubwa ana kifundo juu ya utosi, Faustina Mdogo kifundo kisogoni, Iulia Domna mawimbi mazito yanayoshuka hadi shingoni. Mwanamke aliyekaa juu ya mwezi mwandamo anamaanisha thamani maradufu, sawa na miale kwa mwanamume.

## Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua shaba yenye milimita 17.8 kwa 18.3, gramu 2.41, utando wa kahawia iliyokolea. Kipimo kinasema AE3.

Mbele, chini ya mwanga wa kushoto, zinasomeka herufi hizi: nukta tatu, STANTI, nukta nne, halafu VN NOB C. Jina linaweza kuwa Constantinus au Constantius, maana mahali penyewe panapoamua pamefutika. Lakini tazama VN kabla ya NOB C. Constantius akiwa mrithi, kabla ya NOB C panakaa VS, mwisho wa jina lake. VN inakaa hapo kwa sababu moja: ni mwisho wa IVN. Kwa hiyo ni CONSTANTINVS IVN NOB C, na nukta zinatosha barabara.

Nyuma kuna maumbo mawili yaliyosimama na mikuki. Kati yao fito mbili, si moja. GLORIA EXERCITVS, 330 hadi 335. Chini ya mstari: SMTS, na ya mwisho imekatwa na ukingo. Thessaloniki, karakana haijulikani.

Uso? Kijana aliyenyolewa, taji la majani, dirii kifuani. Inakubaliana. Ukianza na uso huo ungeweza kumwita Crispus, Constantius au baba yao, na hakuna ambaye angekupinga.

## Hatua ya 8: Itafute kwenye katalogi

Zipo katalogi tatu za bure mtandaoni na kila moja ina eneo lake. OCRE, inayoendeshwa na American Numismatic Society, ina aina zaidi ya 40,000 za sarafu za kifalme kuanzia Augustus. CRRO ni ya zama za Jamhuri, kabla ya wafalme. RPC Online, iliyoko Oxford, ni ya sarafu za miji na majimbo, zile za Kigiriki.

Majina humo yameandikwa kwa Kiingereza: Traianus mtafute kama Trajan, Hadrianus kama Hadrian, Constantinus kama Constantine. Chuja kwa utaratibu huu: mtawala, kiwanda, kisha neno moja la maandishi ya nyuma. Ukianza na maandishi yote kwa pamoja, herufi moja uliyoikosea itakuletea sifuri.

Matokeo yana namba za RIC, katalogi kuu ya majuzuu kumi. Juzuu za I hadi V zimepangwa kwa mtawala, za VI hadi IX kwa kiwanda. Ndiyo maana "RIC VII, namba 50" haina maana hadi utaje mji: kila mji una namba 50 yake.

Umefika ukipata ingizo linalolingana na sarafu yako kwa mambo matano: maandishi ya mbele, kichwa kinakotazama na kilichovaa, mchoro wa nyuma, maandishi ya nyuma, herufi za chini. Manne yakilingana na la tano likipingana, hujafika. Likiwa limefutika tu, andika namba mbili au tatu zinazowezekana na uziache hivyo.

## Hatua ya 9: Chunguza kama ni bandia

Sarafu za kweli zilipigwa kati ya mihuri miwili, kwa hiyo ukingo huwa na nyufa ndogo na umbo lisilo sawa. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu. Tafuta mshono unaozunguka ukingo mzima, vitundu vya hewa kwenye uwanja ulio wazi, na herufi zilizolainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Uzito ukipishana mno na wa katalogi, hiyo nayo ni dalili. Na ukipata mtandaoni sarafu nyingine yenye ufa uleule mahali palepale, zote mbili zimetoka kalibu moja.

Kaa macho zaidi na sestertius nzuri kupita kiasi. Giovanni da Cavino wa Padova alikuwa akiziiga tangu karne ya 16, na maduka ya watalii hayajaacha. AE3 iliyochakaa haina faida kuigiza, hivyo mara nyingi ni ya kweli.

## Hatua ya 10: Kumbukumbu na hifadhi

Kwenye bahasha andika: mtawala, miaka, aina, kiwanda, namba ya katalogi, uzito, kipenyo, na ilikotoka. Hilo la mwisho watu hulidharau. Weka risiti na jina la muuzaji pamoja nayo. Nchi kama Italia na Uturuki zina masharti makali ya kutoa vitu vya kale, na sarafu isiyo na karatasi ni vigumu kuiuza kihalali. Ikiwa sarafu imetoka ardhini Tanzania au Kenya, iache ilipo, piga picha, toa taarifa makumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na ile ya makumbusho na turathi ya Kenya ya 2006 zinahusika hapo.

Usitumie vijaruba vya plastiki laini vinavyonuka. Hutoa kemikali inayoacha utelezi wa kijani. Wakazi wa pwani, hewa yetu yenye unyevu na chumvi ni adui mkubwa wa shaba ya kale. Hifadhi kwenye kopo linalofunga barabara pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara.

Fungua kopo kila mwezi. Ukiona madoa ya unga wa kijani mpauko unaopukutika ukiguswa na kijiti, hayo si utando wa kawaida, ni ugonjwa wa shaba, na unyevu ndio unaoulisha. Toa sarafu hiyo kwenye kopo siku hiyohiyo, iweke peke yake mahali pakavu kabisa, na chunguza zilizokuwa jirani yake.